Upasuaji wa Tumbo: Mdogo au Kamili?

Katika mwezi mmoja zimetufikia barua mbili, na zote mbili zimetoka bara, katika nchi ya Wakamba: moja kutoka mji wa Kitui, na ya pili kutoka Kibwezi katika kaunti ya Makueni. Wala nchi hiyo si ya kigeni kwetu sisi watu wa pwani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilikuwa ikienda na kurudi baina ya Ukambani na Mombasa, na Waislamu wa mji wa Kitui ni jamaa zetu wa zamani. Na hata leo kila aendaye Nairobi kwa barabara hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na yote hiyo ni Makueni. Basi lililowafika wao leo laweza kutufika sisi kesho, nalo lataka kuelezwa. Majina ya wenye barua tumeyasitiri, na maneno yao tumeyafupisha.

SWALI LA KWANZA

Dada yetu wa Kitui aandika kwamba amezaa mara 4, na mara 2 za mwisho alizaa kwa kupasuliwa. Mtoto wake mdogo ana miaka 5, na hataraji kuzaa tena. Ngozi ya tumbo imeshuka hata imefunika kinena, na ndani ya mkunjo wake hukaa jasho, na kila msimu wa joto hutoka vidonda. Dawa ya kupaka humpa nafuu ya siku chache, kisha ugonjwa hurudi. Akiinuka kitandani huona tumbo limefanya tuta katikati, tangu chini ya mbavu mpaka chini ya kitovu, na kitovu chenyewe kimetokeza ngiri. Kiuno chamuuma. Daktari amemwambia kwamba upasuaji wa kukaza tumbo ni wa namna mbili, mdogo na kamili. Shoga zake wamemwambia: "Chukua mdogo. Kisu kikipungua na dhambi hupungua, na gharama pia." Naye auliza: je, ni kweli?

SWALI LA PILI

Ndugu yetu wa Kibwezi asema kwamba mkewe amezaa watoto 2, na wa pili ana miezi 9, angali akinyonya. Mkewe hana ugonjwa, illa tumbo lake limelegea kidogo chini ya kitovu, "si kama lilivyokuwa siku ya harusi." Yeye ameona katika simu picha za wanawake waliofanyiwa upasuaji, na yuko tayari kuulipia ule ulio kamili. Mkewe akhofu na hataki. Auliza: je, haimpasi kumtii mumewe?

JAWABU

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba mtu hawezi kukihukumia kitu kabla ya kukijua sura yake. Nami nakiri kwamba niliwahi kuivunja kanuni hii. Miaka michache nyuma mama mmoja alinijia baada ya darsa akaniuliza mas-ala haya haya. Sikumuuliza ana nini. Nilimjibu kwa neno moja, ya kuwa huko ni kubadilisha maumbile, akashukuru akaenda zake. Baadaye nikapata khabari kwa jamaa zake kwamba alikuwa na vidonda vya mkunjo kwa miaka 3, akiona haya hata kukaa karibu na watu, na kwamba baada ya jawabu langu aliacha hata kwenda kwa daktari. Jawabu lile halikuwa la ilimu, lilikuwa la haraka. Darsa hii ni deni la mama yule.

TUMBO LA MZAZI

Katika tumbo la mwanamke aliyezaa hulegea vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake: ngozi, mafuta na misuli. Anayevichanganya huenda akatibu kisichougua.

Misuli ya mbele ya tumbo ni mfano wa kanda mbili zilizosimama sambamba, tangu chembe cha moyo mpaka kinena, na katikati yao pana utando mweupe uliozishika pamoja. Mimba ikikua, utando huo hutanuka, na kanda zile huachana. Baada ya kuzaa hurudiana kidogo kidogo katika wiki na miezi ifuatayo. Walakini kwa baadhi ya wanawake, khasa waliozaa mara nyingi au waliochukua mapacha, hazirudiani. Ndipo tumbo hutokeza katikati kila mtu anapojiinua, na kiuno huweza kuuma, na pengine kitovu hutoa ngiri. Mwanamke aweza kujijaribu mwenyewe: alale chali, akunje magoti, ainue kichwa kidogo, kisha aguse kwa vidole juu ya kitovu na chini yake. Akiona pengo limepita vidole 2, na amwambie daktari.

Ama mafuta, hayo huondoka kwa kupunguza chakula na kwa kutembea. Wala upasuaji wa kukaza tumbo si dawa ya unene, na daktari mwema hatamkata mtu kabla uzito wake haujatulia kwa muda wa miezi kadha.

Ama misuli iliyoachana, wengi hufaidika kwa mazoezi wanayofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya tiba, nayo yataka miezi na subira.

Ama ngozi iliyotanuka kupita kiasi ikaning'inia, hiyo haisikii mazoezi wala chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani.

Hapa wasomaji wetu watakumbuka mkaja. Mama zetu walitufunga matumbo kwa mkaja katika siku 40 za uzazi, na desturi hiyo ina faida: hutegemeza tumbo na kumpa mzazi raha katika kuinuka, maadamu haukazwi mpaka ukamzuia pumzi. Lakini mkaja hushikilia tu. Haushoni misuli iliyoachana wala haupunguzi ngozi iliyozidi. Basi asilaumiwe mwanamke kwa kuambiwa, "Hukufunga mkaja vizuri."

NAMNA MBILI ZA UPASUAJI

Upasuaji huu si jambo la jana. Mwaka 1899 daktari Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alikwisha kuukata mkunjo mkubwa wa tumbo la mgonjwa, na tangu hapo kazi hii imeendelea kutengenezwa.

Upasuaji mdogo ni huu: daktari hukata mstari mfupi juu ya kinena, mara nyingi mrefu kidogo kuliko mkato wa kuzalisha. Huondoa ngozi ya ziada iliyo chini ya kitovu, na akihitaji hukaza misuli ya chini. Kitovu kwa kawaida hubaki mahali pake. Wafaa kwa mwanamke ambaye ulegevu wake wote uko chini ya kitovu, na misuli ya juu iko sawa. Wanawake wa namna hiyo si wengi.

Upasuaji kamili ni huu: mkato huenda tangu nyonga mpaka nyonga. Ngozi huinuliwa mpaka karibu na mbavu, misuli hushonwa pamoja tangu chembe cha moyo mpaka kinena, na ngiri ya kitovu yaweza kutengenezwa hapo hapo. Kisha ngozi huvutwa chini, iliyozidi hukatwa, na kitovu hutolewa katika tundu jipya. Kazi hii huchukua kiasi cha saa 2 mpaka 4, chini ya nusukaputi. Mara nyingi huachwa mipira midogo ya kutolea maji kwa siku kadha, na mgonjwa huvaa mkanda wa kubana kwa wiki nyingi.

Ipo na ya tatu, ya kuukata mkunjo bila ya kukaza misuli, nayo khasa ni ya waliokuwa wanene mno kisha wakapungua. Hiyo haikuulizwa.

Na namna zote mbili zina khatari zake. Maji huweza kukusanyika chini ya ngozi. Jeraha laweza kuingia uchafu au kuachana, khasa kwa mwenye kisukari na kwa mvuta sigara. Ngozi hufa ganzi kwa muda mrefu, na kovu halifutiki. Na sisi watu weusi ni wepesi zaidi wa kuota makovu ya kuvimba. Kubwa kuliko yote ni damu kuganda katika mishipa ya miguu, na donge likikatika likafika mapafuni laweza kuua. Ule mdogo khatari zake ni chache zaidi, lakini hauna usalama kamili. Hakuna kisu kisicho na khatari.

KIPIMO NI DHARA

Sasa twaweza kuhukumu. Hapana khilafu kwamba kuligeuza umbo lililo sawa, kwa ajili ya pambo tu, kumekatazwa. Na kujitibu ni jambo tuliloamrishwa. Shida ni kujua jambo lipi liko upande upi.

Na tuitazame khabari ya Sahaba Arfaja bin As'ad, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi. Mtu huyu alikatwa pua katika vita vya siku ya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, lakini ile fedha ikamnukia. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atumie pua ya dhahabu. Na dhahabu, kama tujuavyo, ni haramu kwa wanaume.

Katika khabari hii mna mafunzo mawili, na watu wengi huyapata la kwanza wakaliacha la pili. La kwanza ni kwamba kukirejesha kilichoharibika si kubadilisha umbo. La pili ndilo linalotufaa leo. Arfaja alianza na fedha, ambayo ni nyepesi kuliko dhahabu kwa sharia na kwa bei. Lakini fedha haikuliondoa dhara lake, basi hakuambiwa, "Kaa na harufu yako, kwani fedha ni nyepesi." Aliruhusiwa kile kilichotosha. Na wanazuoni waliposema kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, walikusudia kadiri ya dhara lenyewe. Hawakukusudia urefu wa kisu wala wingi wa fedha. Aliyechukua zaidi ya haja yake amepita mpaka. Na aliyechukua pungufu, akaubakisha ugonjwa na huku amekwisha kukatwa, naye hakuipata kadiri.

Hili halikupingana na uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007. Kwa muhtasari, Baraza liliruhusu upasuaji wa kurejesha umbo la kawaida na wa kuondoa aibu iliyozuka kwa ugonjwa au ajali ikawa yamdhuru mtu, na likakataza ule wa kufuata matamanio na kuiga wengine. Likashurutisha pia kwamba daktari awe mjuzi mwaminifu, na faida itarajiwe kuliko khatari.

Na ilimu ya upasuaji wa kurekebisha, asili yake ni rehema. Madaktari watatu walioanzisha kazi ya Madaktari Warukao hapa Afrika Mashariki mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa mabingwa wa upasuaji huu; na McIndoe alikuwa mashuhuri kwa kuwatengeneza marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili. Basi asiseme mtu kwamba kila kisu cha aina hii ni cha anasa.

JAWABU LA DADA WA KITUI

Dada yetu, ulivyotueleza si pambo. Vidonda vinavyorudi, ngiri, na misuli iliyoachana ni magonjwa. Anza hapo hapo ulipo, katika hospitali ya rufaa ya kaunti: pimwa sukari, tibu vidonda mpaka vikauke, mwone daktari wa upasuaji kwa ajili ya ngiri, na mwombe mtaalamu wa mazoezi akujaribu. Ikiwa hayo yakakutosha, umeepukana na kisu na gharama. Na kama ngiri yakuuma sana, ikawa ngumu hairudi ndani, au ukatapika, usingoje barua yetu wala ya mtu yeyote. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Yasipotosha, na daktari bingwa akathibitisha kwamba misuli imeachana juu ya kitovu na chini yake, basi shoga zako wamekosea. Upasuaji mdogo hauifikii misuli ya juu. Utakatwa, utalipa, utalala kitandani, na tuta lile la juu litabaki, na pengine litaonekana zaidi. Kisha utataka kukatwa mara ya pili. Hiyo ndiyo pua ya fedha. Kwako wewe, kadiri ya dhara ni upasuaji kamili, wala usiwe na dukuduku kwamba ukubwa wa mkato umekuzidishia dhambi. Na lau daktari atakuta kwamba misuli ya juu ni mizima na shida yote iko chini, hapo mdogo ndio kadiri yako, na kutaka zaidi ni ziada isiyo na haja.

JAWABU LA NDUGU WA KIBWEZI

Ndugu yetu, tumbo unalolilalamikia ndilo lililobeba watoto wako, na wa pili angali kifuani. Mwili wa mwanamke aliyezaa miezi 9 iliyopita, naye anyonyesha, bado hujarudi mahali pake. Madaktari wenyewe humtaka mzazi angoje, aache kunyonyesha kwanza kwa miezi kadha, na awe amekwisha kuzaa. Kwani mimba nyingine huweza kukitanua kilichoshonwa. Tena mkeo hana ugonjwa. Ulegevu mdogo baada ya uzazi ni hali ya kawaida ya wazazi wote, wala si aibu ya kukatwa. Na lau kungekuwa na haja, kwa sifa ulizozitaja, ungekuwa ule mdogo, si huo kamili unaotaka kuulipia.

Ama kumtii mume, hakukufikia kuutoa mwili ukatwe pasipo dhara. Kutia sahihi karatasi ya ridhaa ni haki ya mgonjwa mwenyewe, na daktari anayemkata mwanamke aliyesukumwa na mumewe amemdhulumu. Khatari ya donge la damu ataichukua nani, wewe au yeye? Ukitaka kumfaa, mpunguzie kazi, tembeeni pamoja jioni, na mpeleke akafundishwe mazoezi. Na zile picha katika simu, zifute.

MASHARTI KABLA YA KUKATWA

Kwa kila anayehitaji upasuaji huu, mdogo au kamili, twamwusia mambo manne.

Kwanza, daktari. Si kila mwenye koti jeupe ni bingwa wa kazi hii, na si kila nyumba yenye vioo ni hospitali. Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kutoa mafuta mwilini, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya likaifunga kliniki iliyohusika. Uliza jina kamili la daktari, ulitafute katika daftari la Baraza hilo, ambalo liko wazi kwa watu wote, na uangalie kama ameandikwa kuwa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha. Uliza pia ni nani atakayekulaza kwa nusukaputi, na mkipatikana na tatizo usiku mtapelekwa wapi. Anayekasirika kwa maswali haya, mwache.

Pili, mwili. Kisukari na presha vitulizwe kwanza, na mvuta sigara aache wiki kadha kabla na baada. Daktari aambiwe dawa zote unazokula, pamoja na mitishamba, na aelezwe kama una desturi ya kuota makovu.

Tatu, nyumba, na hili watu wa Ukambani walisikilize sana. Aliyeshonwa misuli hainui kitu kizito kwa muda wa wiki 6 hivi. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mwanamke anayeteremka mtoni kufukua maji mchangani, akaupandisha mtungi mgongoni kwa kamba ya kichwani, ataupasua mshono wake katika safari ya kwanza. Basi kabla ya kupanga siku ya hospitali, ipangwe zamu ya maji: nani atayachota, nani atakata kuni, nani atambeba mtoto. Ikiwa hakuna wa kuishika zamu hiyo, upasuaji ungoje. Wala asipande matatu ya kurudi Kitui au Wote mara tu atokapo hospitali. Akae karibu na daktari siku atakazoambiwa, na ajinyoshe kwa kutembea kidogo kidogo, kwani kulala tu au kukaa kitini muda mrefu huigandisha damu.

Nne, sitara na ibada. Akipatikana daktari mwanamke mwenye ujuzi huo, ndiye bora. Asipopatikana, mwanamume mjuzi yajuzu, na yafunuliwe yanayohitajika tu, na awepo mwanamke mwingine chumbani. Sala haiachwi: ataswali kwa kukaa au kwa ishara kama awezavyo, wala asiloweshe jeraha kwa udhu.

Mama yule niliyemjibu vibaya nilimwendea baadaye nikamwambia kwamba nimekosea, na aende kwa daktari. Nanyi mnaosomesha, mkiulizwa mas-ala ya mwili, msitoe hukumu mpaka mjue pameuma wapi. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu.

Wallahu aalam.